Pindo, Mji na Jina: Sahani za Uingereza Zilizoisifu Marekani

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya familia za Waswahili hapa Maryland, wiki ya sherehe za tarehe 4 Julai. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na pale nilipokatizwa.)

Assalaam aleikum, na kwa wote wengine, habari za jioni. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi watoto mliokalishwa mbele ili mwonekane vizuri mkitaka kutoroka, karibuni.

Kabla sijasema lolote, naomba sahani hii ipite mikononi mwenu. Ishikeni kwa mikono miwili. Mwenye pete kubwa aivue. Usiishike kwa ncha ya vidole ukingoni kama unavyoshika karatasi ya barua. Ikamate kwa chini, kama mtoto mchanga. Nimeitafuta miaka minne, na ikianguka hapa nitalia mbele ya watu.

Haya. Wakati inapita, niwaambie ni nini. Ilitengenezwa Burslem, katika jimbo la Staffordshire huko Uingereza, kwenye karakana ya Enoch Wood na wanawe, katika miaka ya 1820. Rangi yake ni buluu iliyokoza mpaka inakaribia weusi. Ukingoni kuna makombe ya baharini. Katikati mtaona meli, moshi na mizinga. Na juu ya picha pameandikwa kwa Kiingereza: Ushindi wa Komodoo MacDonnough.

Basi huyo komodoo, yaani mkuu wa kikosi cha meli za vita, alikuwa Mmarekani, na aliyeshindwa ni Mwingereza. Tarehe 11 Septemba 1814, kwenye Ziwa Champlain, karibu na Plattsburgh, kikosi chake kiliteka manowari za Uingereza, na mkuu wa meli za Waingereza siku ile, Kapteni George Downie, aliuawa mapema kabisa kwenye mapigano. Haikupita miaka mingi, mfinyanzi Mwingereza ameketi karakanani kwake, anachapa picha ya ndugu zake wakipigwa, anazipanga sahani ndani ya kreti na nyasi kavu, anazipeleka bandarini Liverpool, anawauzia waliowapiga. Hata jina la komodoo walikosea, wakamwongezea herufi. Yeye alijiandika Macdonough.

Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni kwa mtu.

Jikoni kwa mtu, ndiyo. Wengi wenu mnajua nilianzaje maisha hapa. Nilikuwa natunza wazee majumbani, kama nusu ya mama waliokaa humu. Bibi mmoja niliyemhudumia alikuwa na kabati la vioo lenye sahani za buluu, na kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kuzipangusa vumbi. Yeye hakuweza tena kusimama, lakini macho yalikuwa makali. Anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu ananiamuru: ile ya pili kutoka kushoto, igeuze, nisomee mgongo. Nasoma. Hiyo nyingine, niambie ukingo wake una nini. Namwambia majani ya mwaloni. Basi, anasema, huyo ni Ralph Stevenson. Na hii? Ndege mwenye mabawa wazi. Huyo ni Joseph Stubbs wa Longport. Mwezi mzima nilidhani ananisumbua tu. Mwezi wa pili nikagundua nimeshaanza kujua.

Na niwaambie kwa nini nilijua haraka, kuliko hata wajukuu zake. Mimi nimelelewa Lamu, na mwanamke wa pwani ameshafundishwa kusoma kitu cha namna hii kabla hajaenda shule. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ndilo linalozunguka, mji uko katikati, na jina ni yale maneno. Sahani hizi ni vivyo hivyo. Picha ya katikati ndiyo mji wake. Maua, makombe au majani ya ukingoni ndiyo pindo. Na jina lipo, mara mbele, mara nyuma. Tangu siku ile sijawahi kutumia maneno mengine, hata nikizungumza na wakusanyaji Wazungu huwa naanza kueleza kanga kwanza.

Sasa shikeni hili moja, ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema leo: mji humwambia mnunuzi kile anachopenda kusikia, lakini pindo humtaja fundi. Picha yoyote karakana yoyote ingeweza kuichapa. Wakati ule hapakuwa na sheria ya Uingereza ya kumzuia fundi kuchukua picha ya mtu mwingine kitabuni na kuihamishia kwenye sinia. Sheria yenye meno ilikuja mwaka 1842. Kwa hiyo wakanyang'anyana picha bila haya. Mchoraji William Guy Wall, mzaliwa wa Dublin aliyehamia Marekani, alichora mandhari ya Mto Hudson, na mara picha zake zikatokea kwenye vyombo vya Andrew Stevenson na vya ndugu wawili Clews. Lakini pindo kila karakana ilishika lake. Makombe, mara nyingi ni Wood. Majani ya mwaloni na matunda yake, Ralph Stevenson. Waridi ndani ya visanduku, John na William Ridgway wa Hanley, waliotoa mfululizo mzima wa majengo ya Marekani: hospitali, makanisa, benki, hata nyumba za maskini. Ndiyo, mtu alikula viazi juu ya picha ya nyumba ya maskini. Msiniulize.

(Hapa mzee mmoja aliuliza: “Sasa picha inaingiaje kwenye udongo?” Swali zuri, nikaacha karatasi yangu.)

Inaingia kwa kuibandika, mzee wangu. Fundi mchongaji anachukua bamba la shaba, anachora kwa kuchimba mistari na vitone. Kazi ya wiki nyingi hiyo. Bamba likishakuwa tayari linapashwa moto, linapakwa wino mzito wa mafuta uliochanganywa na kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu. Ziada inafutwa, wino unabaki kwenye mistari tu. Juu yake inalazwa karatasi nyembamba iliyoloweshwa maji ya sabuni, vyote vinapitishwa kwenye mashine ya kubana. Karatasi inatoka na picha, ikiwa bado mbichi. Hapo msichana mdogo anaikata kwa mkasi, mji upande huu, pindo upande ule. Mwanamke anayebandika anaiweka juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, ile kavu inayonyonya kama kigae, anaisugua kwa brashi ngumu mpaka wino uhamie kwenye udongo, kisha karatasi inatolewa kwa maji. Sahani inarudi jokoni kidogo kuunguza mafuta, inachovywa kwenye maji ya kioo, inachomwa tena. Picha inabaki chini ya kioo, haitoki kwa sufi wala kwa mchanga.

Nyinyi mlio na sahani sasa hivi, tafuteni ukingoni mahali ambapo pindo linaungana. Mtaona makombe mawili hayakutani sawasawa, kama mshono wa fundi aliyechoka. Hapo ndipo karatasi ilipokutana na karatasi. Mimi hupapenda hapo kuliko picha yenyewe, kwa sababu ni mkono wa mwanamke fulani ambaye hakuandikwa popote.

Kwa nini buluu? Kobalti ndiyo iliyovumilia moto wa joko bila kubadilika. Josiah Spode wa Stoke ndiye aliyeiweka sawa kazi ya buluu chini ya kioo, karibu mwaka 1784. Rangi nyingine, zile za waridi, kijani, zambarau na kahawia, zilienea mwishoni mwa miaka ya 1820, ndiyo maana sahani za kabla yake karibu zote ni buluu. Na buluu iliyokoza hivi Wamarekani waliipenda kupita kiasi. Ilikuwa na faida nyingine ambayo wafanyabiashara hawakuitangaza: inaficha kasoro za udongo. Mwenye kilemba kikubwa haonekani upara.

Lakini chapa yenyewe ni ya zamani zaidi ya Spode, na hapa lazima niwapeleke Liverpool kidogo. Mwaka 1756 watu wawili wa mji ule, John Sadler na Guy Green, walikula kiapo cha kisheria kwamba tarehe 27 Julai, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, wamechapa vigae zaidi ya 1,200. Wawili tu, kwa saa sita. Kabla ya hapo kila kigae kilipakwa rangi kwa brashi, kimoja kimoja. Liverpool ndiyo iliyotoa yale majagi ya rangi ya maziwa yenye picha nyeusi, ambayo manahodha wa Marekani walikuwa wakiyaagiza meli zikitia nanga. Upande mmoja meli, upande mwingine tai au George Washington, na chini ya mdomo jina la nahodha au la mkewe. Meli yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kawaida tu, bamba lilelile. Bendera ndiyo iliyopakwa rangi kwa mkono, ya Marekani kwa huyu, ya nchi nyingine kwa yule.

Washington alipofariki, tarehe 14 Desemba 1799, Liverpool ilifanya biashara ya matanga. Yalitoka majagi yenye maneno kwamba Washington yuko utukufuni na Marekani iko machozini. Yaani jemadari aliyewatoa Waingereza kwenye makoloni 13 analiliwa kwa wino wa Waingereza, kwa bei nafuu kwa dazeni. Na Enoch Wood baadaye alitoa chombo cha chai chenye picha ambayo wakusanyaji huiita Washington kwenye kaburi lake mwenyewe: bwana amesimama, karatasi mkononi, pembeni ya kaburi lake. Marehemu amekuja kujizuru.

Makosa ya namna hiyo ndiyo starehe ya kazi hii. Ndugu wawili Clews, James na Ralph, wa Cobridge, walitoa sahani maarufu sana yenye pindo la utepe wa majina ya majimbo ya Marekani. Wakusanyaji huiita tu pindo la majimbo. Hesabuni majina: 15. Wakati sahani hizo zinauzwa, miaka ya 1820, majimbo yalishafika 24. Katikati kuna mwanamke wa Uhuru, kuna picha ya Washington, na nyuma yao jumba. Jumba lenyewe hubadilika kutoka sahani hii hadi ile, na mengi yana sura ya majumba ya mabwanyenye wa Uingereza, bustani na kondoo. Mchongaji hakuwahi kukanyaga Marekani. Aliazima alichokuwa nacho mezani.

Nani alijali? Hakuna. Mama wa Philadelphia alitaka kuona jina la jimbo lake, akaliona, akalipa.

Kilele cha biashara hii kilikuwa ziara ya Jenerali Lafayette. Yule Mfaransa aliyepigana pamoja na Washington akiwa kijana alirudi akiwa mzee, mgeni wa taifa, akazunguka majimbo yote 24. Alitia mguu Castle Garden, New York, tarehe 16 Agosti 1824. Clews wakaitoa picha ya kutua kwake, meli zimejaa bandari, moshi wa mizinga ya heshima, na pindo la maua. Waliichapa kuanzia visahani vidogo vya kuwekea kikombe mpaka masinia ya kubebea bata mzima. Ni sahani iliyoenea mno, na kwa mtu anayetaka kuanza kukusanya, mimi humwambia aanze na hiyo. Mwaka uliofuata, 1825, Mfereji wa Erie, njia ya mashua katika jimbo la New York, ukafunguliwa, na Staffordshire haikulala: milango ya mfereji, mashua, na sura ya gavana wa jimbo hilo, DeWitt Clinton, vyote vikaingia jokoni.

Msidhani wafinyanzi wote walitajirika. James Clews alifilisika katikati ya miaka ya 1830. Akasema, kama Wamarekani wanazipenda hivi, nitawafuata kwao. Akavuka bahari, akaanzisha karakana Troy, Indiana, kando ya Mto Ohio, mafundi wakaletwa kutoka Staffordshire. Udongo wa pale ukamkatalia. Akarudi Uingereza mikono mitupu. Wapo humu wanaojua safari ya namna hiyo, nisiwataje.

Na mafundi wenyewe? Mwanzoni mwa miaka ya 1840 tume ya serikali ilimtuma Samuel Scriven kwenda kuangalia watoto wanaofanya kazi kwenye karakana za Staffordshire. Alikuta wavulana wadogo ambao kazi yao ni kukimbia kutwa, kuchukua kalibu yenye sahani mbichi kutoka kwa mfinyanzi, kuipeleka chumba cha moto, kurudi na kalibu tupu. Waliochovya vyombo kwenye maji ya kioo walikuwa wakitia mikono kwenye risasi, ile madini yenye sumu. Mikono ilipooza. Hayo yako chini ya kioo pia.

Sasa nifike pale ambapo mume wangu huniambia niparuke, nisiharibu sherehe za watu.

Nilikuwa mwaka wa tatu nakusanya. Nilishanunua kikombe chenye picha ya Mount Vernon, nyumba ya Washington, kazi ya Wood. Kizuri, kidogo, kimepasuka mkono kikaungwa. Nikaenda kuiona nyumba yenyewe, kule Virginia, si mbali na hapa. Mwongozaji akatuambia kwamba mwaka aliofariki, 1799, palikuwa na watumwa 317 kwenye shamba lile, na 123 kati yao walikuwa wake yeye mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikakitazama kikombe. Mchongaji hakukosea nyumba wala miti. Ni hesabu ile tu ambayo haikuwa na mnunuzi.

Kwa wiki kadhaa sikupangusa vumbi.

Kilichonirudisha ni sahani nyingine, ambayo sina na pengine sitaipata. Nimeiona ndani ya kioo cha makumbusho. Ni ya buluu hafifu, haina mandhari. Katikati ni maneno matupu: kifungu cha katiba ya Marekani kinachosema Bunge lisitunge sheria ya kuzuia dini, wala uhuru wa kusema, wala wa magazeti. Na ukingoni limo jina la Lovejoy. Elijah Lovejoy alikuwa mhubiri na mhariri wa gazeti aliyepinga utumwa. Kundi la watu lilimuua Alton, Illinois, tarehe 7 Novemba 1837, akilinda mashine yake ya kuchapia. Na tazameni mambo: ameuawa kwa sababu ya chapa, akakumbukwa kwa chapa. Nayo ilichapwa Staffordshire. Miaka ileile palikuwa na mabakuli ya sukari ya Kiingereza yaliyoandikwa kwamba sukari iliyomo ni ya India, haikutengenezwa na watumwa. Bakuli linakaa mezani, mgeni anasoma kabla hajachota. Hilo nalo ni jina, kama la kanga. Mwenye nyumba hatii neno, bakuli linamsemea.

Na tusijifanye haya ni ya Wazungu pekee. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja wakakuta vigae vya sahani za Ulaya za karne ya 19, za chapa na za kupakwa, zikiwemo za Uingereza. Nani aliyepanda na kuchuma karafuu zile, mnajua. Bibi zetu Lamu walipanga sahani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa ajili ya macho ya mgeni, nasi tulijivuna nazo. Hatukuuliza zilinunuliwa kwa nini. Mimi sasa nauliza, na bado nazipenda. Yote mawili.

(Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti: “Kwa hiyo Wamarekani walidanganywa?” Watu wakacheka.)

Hapana mwanangu, hawakudanganywa. Walijua kabisa zimetoka wapi. Jina la Mwingereza liko mgongoni. Hebu nikuulize: kanga ya mama yako ilichapwa wapi? Kwa miaka mingi kanga zetu zilitoka Manchester, zilitoka Uholanzi, zilitoka Japani, zilitoka India. Maneno ya Kiswahili, mchapaji hajui neno hata moja. Mwaka 2008 ilitoka kanga yenye sura ya Obama, imeandikwa Hongera Barack Obama, na mama yako, kama namjua, anayo sandukuni. Furaha yake ilikuwa ya uongo? Basi na yule mama wa Philadelphia alipoiweka sahani ya Lafayette juu ya rafu, furaha ilikuwa yake. Mwingereza aliuza udongo na kobalti.

Nimeona wengine wameanza kutazama saa, basi nizungumze kwa haraka kwa wale watakaotaka kununua, maana najua kesho mtanipigia.

Geuza sahani kabla hujaitazama mbele. Ukikuta neno “England” mgongoni, jua kwa kawaida imetengenezwa baada ya mwaka 1891, pale sheria ya ushuru ya Marekani ilipoanza kudai jina la nchi. Ukikuta “Made in England” ni ya karne ya 20. Mimi nililijua hili baada ya kuumia. Muuzaji mmoja aliniuzia sahani ya kutua kwa mahujaji wa kwanza huko Plymouth, akaniambia ni ya mwaka 1820. Mwaka ule kweli ilikuwa miaka 200 tangu watue, na Enoch Wood kweli aliichapa picha hiyo. Nikalipa mshahara wa wiki mbili. Nyumbani nikaigeuza: “England.” Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani walishikwa na wazimu wa kukusanya vitu vya mababu, na karakana za Uingereza zikawachapia tena, mara hii kama vitu vya ukumbusho. Nimeiacha ukutani jikoni. Inanitazama nikikatakata vitunguu.

Sahani ya kweli ya miaka ya 1820 ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Chini yake, karibu na ukingo, ina vidoa vidogo vitatu vitatu, alama za vigingi vilivyoitenganisha na mwenzake jokoni. Buluu yake haiko sawa kila mahali, kuna palipojaa na palipofifia. Igonge kidogo kwa ukucha, nzima hulia, iliyopasuka hukohoa. Unayodhani imekarabatiwa imulikie taa ya urujuanimno (UV) gizani, gundi na rangi mpya hung'aa tofauti. Usiloweshe kwenye dawa ya kung'arishia nguo (bleach) kuondoa madoa, inakula kioo. Usitundike kwa waya wa chuma uliobana. Na watoto, nimesikia mmoja akiuliza kama naweza kulia wali humo: hapana. Kioo chake kina risasi. Itazame tu.

Bei? Zimeshuka kuliko zilivyokuwa miaka 20 iliyopita. Wajukuu hawazitaki, wanataka kuta tupu. Kwa sinia adimu bado watu hupigana mnadani, lakini sahani nzuri ya Lafayette yenye ufa mdogo si lazima ikufilisi.

Yule bibi wangu alipofariki, watoto wake walipeleka kabati zima mnadani. Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa na sare yangu ya kazi, kwa sababu nilikuwa natoka zamu. Zile nzuri zikapanda, sikuthubutu kuinua mkono. Ikaja ile ya pili kutoka kushoto, yenye ufa wa juu hadi chini, ambayo nilikuwa nikiishika kwa woga kila Ijumaa. Dalali akaitisha mara mbili, kimya. Nikainua mkono. Dola 18. Ni hiyo iliyoko mezani hapo, msiiguse.

Limebaki ombi. Thomas Mayer, wa Staffordshire pia, alitoa mfululizo wenye nembo za majimbo 13 ya mwanzo ya Marekani, na pindo la maua yenye umbo la tarumbeta, na vijigurudumu ukingoni kabisa. Nembo 12 zinajulikana. Ya New Hampshire wakusanyaji wameitafuta tangu enzi za babu zao. Nyinyi mnapita kwenye maduka ya mitumba kila Jumamosi kutafuta makoti ya watoto. Ukiona buluu iliyokoza, ukaona maua hayo, ukasoma New Hampshire, usimuulize mwenye duka bei kwa sauti. Iweke kwapani, lipa anachotaka, nipigie simu ukiwa ndani ya gari.

Haya, sahani yangu iko wapi? Nani anayo?